Siku Moja kwa Miguu Katika Dar es Salaam

Mtu atokaye Mpanda kwenda Dar es Salaam kwa gari la moshi hukata mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Kwanza hupita katika mapori ya miombo, akavuka mto Ugalla, akafika Kaliua, ndipo aingiapo katika Reli ya Kati itokayo Kigoma. Kisha huja Tabora, na Dodoma, na Morogoro, na mwisho bahari. Tawi la reli la Mpanda lina urefu wa kilomita 210. Lilikamilika mwaka 1950, nalo lilijengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi. Maana yake hapa ni yale madini mazito ya rangi ya kijivu, si risasi za bunduki. Machimbo yale yalifungwa zamani, lakini njia ya reli ilibaki, na watu wa Katavi wakaizoea kama mtu azoeavyo kisima kilichochimbwa na mwingine.

Reli ya Kati yenyewe ilijengwa na Wadachi, yaani Wajerumani. Walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo mizigo mingi ya bara ilifika pwani juu ya vichwa na mabega ya watu. Msomaji na alishike neno hili, maana tutakutana nalo tena mchana, juani.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 kijana mmoja wa Mpanda, mwenye umri wa miaka 19, alishuka katika stesheni ya Dar es Salaam yapata saa moja asubuhi. Hakupata kuuona mji ule kabla ya siku hiyo. Alikuwa anakwenda kwa mjomba wake, fundi wa cherehani katika mtaa wa Kariakoo, lakini mjomba alikuwa amepigiwa simu usiku kwamba kuna msiba Bagamoyo, naye akampelekea kijana habari hivi: "Duka nimelifunga. Nitarudi jioni saa kumi na mbili. Wewe tembea, uutazame mji. Lakini ujihadhari na magari na wezi."

Basi kijana akawa na saa kumi na moja mbele yake, na mji mzima, wala hapana mtu wa kumwongoza. Mgongoni alikuwa na begi la nguo. Mkononi alishika dumu la lita 5 lililojaa asali ya Inyonga, zawadi ya mjomba. Asali ni nzito kuliko maji: lita 5 za maji zina uzito wa kilo 5, lakini lita 5 za asali hukaribia kilo 7. Asubuhi, mtu akiisha kunywa chai, kilo 7 si kitu. Tena miguuni alikuwa amevaa viatu vipya, jambo ambalo msafiri mwenye akili halifanyi. Viatu vipya ni vya kuendea kanisani na kurudi, si vya kuuzungukia mji.

Alikuwa na shughuli nyingine pia, mbali na kutazama. Bibi yake, aliyekuwa akikaa Mpimbwe, alimwita kabla hajaondoka, akamwambia: "Mjukuu wangu, babu yangu mimi mzaa mama alichukuliwa wakati wa vita ya Wadachi, akatwishwa mizigo, asirudi. Mama yangu alimngoja mpaka naye akafa. Nasikia huko Dar es Salaam kuna sanamu ya watu wa vita ile. Nenda ukatazame kama jina lake limeandikwa." Akamtajia jina, akamfanya alirudie mara tatu ili asilisahau. Kijana akaahidi. Ahadi kwa mtu mzima wa miaka 80 na zaidi si neno la kuchezea.

Kutoka stesheni alishika barabara ya Sokoine, inayofuata bandari. Mkono wake wa kuume zilionekana winchi kubwa na meli. Mkono wa kushoto majumba. Kitu cha kwanza kilichomsimamisha ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, yenye mlango mzito wa nakshi wa Kiunguja. Nyumba hiyo huitwa Boma la Kale. Ilijengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar kati ya mwaka 1866 na 1867, wakati alipotaka kufanya mji mpya mahali hapa palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Sultani hakuuona mji wake ukikua, kwa kuwa alifariki mwaka 1870, na majumba mengi aliyoyaanza yakaachwa magofu kwa miaka kadhaa. Hili Boma likadumu. Kijana aligusa ukuta wake, akaona chembe za kombe ndani ya jiwe. Kwa mtu wa bara, ambako nyumba hujengwa kwa udongo wa kichuguu na tofali za kuchoma, ni ajabu kuona nyumba iliyojengwa kwa vitu vilivyokuwa hai baharini.

Hatua chache mbele liko kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, na mbele yake tena kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu. Yote mawili yalijengwa na wamisionari Wajerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya kwanza ya karne ya 20. Katika kanisa la Mtakatifu Yosefu aliketi kidogo. Ndani mlikuwa na baridi nzuri na nuru ya rangi kutoka madirishani. Alipotoka jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, akahamisha dumu kutoka mkono wa kuume kwenda wa kushoto.

Penye kanisa la Kilutheri njia inapanda kuelekea katikati ya mji. Hapo kijana alijifunza jambo la kwanza la mji mkubwa, nalo ni kuvuka barabara. Mpanda mtu huvuka huku akizungumza. Dar es Salaam ya mwaka 2014 ilikuwa na watu wengi mno: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 4,300,000 katika mji huo, na mkoa wote wa Katavi, uliotengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 564,604 tu. Na kila mmoja wa watu wale wa mjini, kwa macho ya kijana, alikuwa na gari au pikipiki. Alisimama ukingoni kama mtu asimamaye kando ya mto uliofurika. Mwisho akaja mama mmoja mwenye kapu la maandazi, akasema, "Njoo baba, tuvuke," akamshika kono la shati, wakavuka. Hakumjua, wala hakumwona tena.

Hivyo akafika penye sanamu.

Sanamu ya Askari imesimama katika njia panda, kati ya barabara ya Samora na ile ya Azikiwe. Ni mtu wa shaba nyeusi, amevaa sare ya askari wa zamani, ameshika bunduki yenye singe, na ncha ya singe inaelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927. Ilitengenezwa Uingereza, nayo ina ndugu zake Nairobi na Mombasa. Lakini kabla yake, mahali papo hapo palikuwa na sanamu nyingine. Wadachi walimsimamisha hapo Hermann von Wissmann, yule jemadari wao aliyewapiga watu wa pwani katika vita vya Abushiri. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikapelekwa baadaye katika mji wa Hamburg, huko Ujerumani, ikawekwa karibu na chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha. Sanamu nazo husafiri, tena si zote zifikazo salama.

Kijana hakuyawaza hayo. Alikuwa akitafuta jina. Alizunguka jiwe la chini pande zote nne. Kuna maandiko kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Akayasoma ya Kiswahili polepole. Yanawataja askari Waafrika waliopigana. Yanawataja na wachukuzi, yakiwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi, vile vya kwendea na vile vya kushikia. Tena yanaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Akazunguka mara ya pili, akatazama juu na chini. Majina hayakuwapo, wala la askari wala la mchukuzi.

Karibu na hapo mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini, akipiga viatu rangi. Kijana akamwendea, akamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na dumu hilo?"

"Natoka Mpanda, babu. Natafuta majina ya watu waliokufa katika vita hii. Yameandikwa upande gani?"

Mzee akaweka brashi chini. "Hapana majina hapa. Ni lile askari peke yake, na yeye hana jina. Una mtu wako?"

"Babu yake bibi yangu. Hakuwa askari. Alikuwa mchukuzi."

"Ah!" akasema mzee. "Kama ni mchukuzi, hapa umepotea njia. Nenda Kariakoo. Huko ndiko walikokaa wachukuzi. Lakini sasa kaa kwanza. Viatu vyako vinakuuma, nakuona unavyosimama."

Afaa tueleze kidogo juu ya watu hao. Vita ilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa ya Wadachi. Waingereza waliingia kutoka Kenya na kutoka kusini, na Wabelgiji wakaja kutoka Kongo, wakauteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Majeshi yale yote yalikuwa na mizinga, mabunduki, vyakula, dawa na mahema. Lakini mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa haba. Basi kila kitu kikachukuliwa na watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata kilo 25, siku baada ya siku, katika mvua na matope. Wengine walikwenda kwa kuandikwa na kulipwa, wengine kwa kushikwa tu vijijini mwao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, nao wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa, na kukosa chakula walichokizoea. Watu wa pande za Katavi walikuwa katikati ya majeshi haya, na hata bibi wa Mpimbwe hakujua kama babu yake alichukuliwa na Wadachi au na Wabelgiji au na Waingereza. Kwa yule aliyeachwa nyumbani ilikuwa mamoja.

Askari Wazungu waliokufa waliandikwa, kila mtu na kaburi lake au jina lake katika jiwe. Wachukuzi hawakuandikwa hivyo. Mwaka 2021 ile tume iangaliayo makaburi ya vita ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika na wa nchi za mashariki ya kati, hawakukumbukwa kwa majina yao. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi katika bunge lake. Lakini hayo yalikuja miaka saba baada ya siku tunayoisimulia, na kijana aliondoka penye sanamu bila kujua neno lolote la namna hiyo. Alijua tu kwamba bibi atauliza.

Saa za kungoja zilikuwa bado nyingi, na ahadi ya pili, ya kutazama mji, ilikuwa haijatimizwa. Akarudi bandarini, akafuata ukingo wa maji mpaka Feri, mahali pa pantoni la Kigamboni na soko la samaki. Hapo alisahau miguu kwa muda. Samaki wa Ziwa Tanganyika aliwajua: migebuka, na dagaa wanaoanikwa mchangani kule Karema na Ikola. Hawa wa baharini walikuwa wa rangi zote, changu wekundu, kolekole, jodari wanene kama mtoto mchanga, na pweza waliopigwa juu ya mawe ili walainike. Watu walinadi kwa sauti, wakipandisha bei kwa kidole tu, na aliyekohoa vibaya angaliweza kujikuta amenunua. Alikula kipande cha samaki wa kukaanga na muhogo, akanywa maji ya kandoro, akaona nguvu zimerudi.

Kutoka Feri barabara inazunguka rasi ya mji na kufuata bahari kuu. Zamani iliitwa Ocean Road, na tangu mwaka 2013 inaitwa Barabara ya Barack Obama. Ikulu iko hapo nyuma ya miti yake. Mwaka 1914 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga na nyumba ya gavana iliyokuwapo ikabomoka. Hii iliyopo ilijengwa upya mwaka 1922. Mbele yake liko jengo jeupe la hospitali ya Ocean Road, lililomalizika mwaka 1897, ambalo sasa ni mahali pa kutibia wagonjwa wa saratani. Kijana aliyapita haraka yote mawili. Ikulu si mahali pa kukodolea macho, na hospitali si mahali pa kutembelea kwa kupenda.

Alipofika kwenye mchanga akaketi, akavua viatu. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge kubwa kama shilingi. Akatazama kaskazini, upande wa Msasani, akakumbuka hadithi aliyofundishwa na mwalimu wake wa historia.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaza kwamba labda ndovu wangeweza kuchukua mizigo ya bara badala ya watu. Akaleta ndovu wanne wa Bara Hindi, waliokwisha kufundishwa kazi, pamoja na watunzaji wao. Wakashushwa katika ghuba ya Msasani, wakaogelea mpaka nchi kavu. Bwana Carter aliyewaongoza akaanza nao safari ya kwenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walikuwa wakijenga ngome; ngome hiyo ndiyo waliyokabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Ndovu walivuka mito, waliangusha miti, walifanya kila walichoambiwa, kisha wakaanza kufa mmoja mmoja njiani. Mwisho wa mwaka huo ndovu mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 katika mapigano huko Mpimbwe, alipokuwa akirudi pwani. Baada ya hayo mizigo ikarudi juu ya mabega ya watu.

Basi kijana alikuwa ameketi karibu na mahali safari ile ilipoanzia, naye nyumbani kwa bibi yake ni pale ilipoishia. Yeye aliikata njia hiyo kwa siku chache, ameketi juu ya benchi la daraja la tatu, akinung'unika kwamba benchi ni gumu. Akavaa viatu, akachukua dumu, akalipandisha begani.

Jumba la Makumbusho liko ndani kidogo, karibu na Bustani ya Mimea ambayo Wadachi waliianza mwaka 1893. Sehemu ya kwanza ya jumba hilo ilifunguliwa mwaka 1940. Mlinzi wa mlangoni alitazama dumu kwa mashaka, akalifungua, akanusa, akacheka, akasema, "Hii ni asali ya kweli. Iache hapa kwangu." Kijana alisita, lakini mkono ulikuwa umechoka kuliko moyo ulivyoogopa, akaliacha. Ikawa ajabu: alipoingia ndani bila mzigo alijiona mwepesi hata akatembea kama mlevi.

Alitazama mengi humo, na mengine aliyapita tu, kwa sababu macho nayo huchoka. Alisimama muda mrefu penye habari za fuvu la Zinjanthropus, lililovumbuliwa na Mary Leakey katika bonde la Olduvai mwezi wa Julai mwaka 1959, lenye umri wa yapata miaka milioni moja na robo tatu. Fuvu lile halina jina la mwenyewe, bali limepewa jina na waliolivumbua, na dunia nzima inalijua. Kijana aliona jambo hilo kuwa gumu kidogo. Tena aliziona picha na silaha za vita ya 1914, akatafuta katika picha nyuso za wachukuzi. Walikuwapo, safu ndefu, na mizigo vichwani. Lakini nyuso zilikuwa ndogo mno, na wengi walikuwa wameinamisha vichwa.

Asali aliikuta salama, haikupungua hata tone. Aliporudi barabarani ilikuwa saa tisa na nusu. Sasa ndipo mji ulipoanza kumshinda. Kule Mpanda mtu hujua njia kwa jua na kwa milima. Hapa majumba marefu yaliificha mbingu, na barabara zote zilifanana. Akazunguka kona tatu, akajikuta mbele ya duka lile lile la miwani. Akamwuliza kijana mwenzake aliyekuwa akipita, akaonyeshwa njia isiyo yenyewe. Mgeni akipotea mjini ni heri amwulize mwenye duka aliyeketi penye duka lake, kuliko mpita njia. Maana mwenye duka atakuwapo kesho, naye huona haya kudanganya. Mzee mmoja wa Kihindi, muuza vyuma, ndiye aliyemwelekeza vizuri: "Fuata Samora mpaka mwisho wa maghorofa. Ukiona uwanja wenye miti na mnara wa Mwenge, hapo ni Mnazi Mmoja. Vuka uwanja. Upande wa pili ni Kariakoo."

Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi wakati wa ukoloni ili kutenga nyumba za Waafrika na zile za watu wengine. Waliouacha walitaka uwe mpaka. Baadaye ukawa mahali pa mikutano, na leo una Mnara wa Uhuru. Kando yake iko barabara ya Lumumba, ambako chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kijana aliuvuka kwa kuchechemea. Kilo 7 zilikuwa zimekuwa 20. Alibadili bega kila hatua mia, kisha kila hatua hamsini. Kondakta wa daladala alimwita, "Panda, babu, mia nne tu!" Naye akatikisa kichwa, kwa kuwa alikuwa ameona hatua zilizosalia ni chache, akaona haya kushindwa hapo. Hilo lilikuwa kosa. Kiti cha daladala si aibu kwa mtu aliyetembea yapata kilomita 10.

Kariakoo ilimpokea kwa kelele. Soko lake kubwa, lililochorwa na mjenzi Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilisimama na paa zake kama faneli kubwa zilizoelekea mbinguni, zilizofanywa hivyo ili kukinga maji ya mvua. (Mwezi wa Julai mwaka 2021 soko hilo liliungua moto.) Pande zote palikuwa na vitambaa, sufuria, redio, viazi, ndizi, na watu wasiohesabika. Na katikati ya watu hao walipita wachukuzi. Walikuwa vijana wa umri wake, wengine wakivuta mikokoteni, wengine wamejitwika magunia mpaka macho hayaonekani, wakipiga kelele, "Pisha! Mzigo! Pisha!" Kijana hakuwahi kupisha upesi. Mmoja akamgonga begani, akageuka nusu, akasema, "Samahani, kaka," akaendelea kwa mwendo ule ule wa kukimbia kidogo, kwa sababu mwenye mzigo mzito akisimama ni shida kuanza tena.

Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 waliwakusanya wachukuzi wao mahali hapa. Kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Vita ikaisha, wachukuzi wakaenda zao, wale waliosalia. Jina likabaki, na sasa hulitaja kila siku watu waendao kununua sufuria. Kijana alilijua jina la mtaa tangu utoto, maana ndiko aliko mjomba, wala hakupata kufikiri kwamba lina maana.

Saa kumi na mbili na robo alifika dukani. Mjomba alikuwa amerudi, bado amevaa kanzu ya msibani. Kijana akaliweka dumu juu ya meza ya cherehani, lakini vidole vyake vilikataa kukunjuka kutoka penye mshikio, mpaka mjomba akavifungua kimoja kimoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na gari gani?"

"Sikupanda gari, mjomba."

Mjomba akamtazama tangu kichwa hata miguu, asiseme neno. Akamtuma mwanafunzi wake wa cherehani kuleta beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Kijana akatia miguu majini, akafumba macho. Baada ya kitambo akasema, "Mjomba, lile jina alilonipa bibi, wewe unalijua?"

"Nalijua. Mimi nilipewa nikiwa mdogo kuliko wewe."

"Limeandikwa wapi?"

Mjomba akafikiri, akasema, "Sijapata kuliona limeandikwa."

Juu ya meza palikuwa na daftari la vipimo vya wateja, na penseli imefungwa kwa uzi. Kijana akaomba karatasi moja. Akaandika jina la babu kwa herufi kubwa, na chini yake Mpimbwe, na chini yake neno "mchukuzi". Mahali pa mwaka aliandika 1916, akaweka alama ya kuuliza, akamwuliza mjomba kama bibi atakuwa hajalala.